Fishi yako inaenda wapi?

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Uvira

Mwenyekiti alituomba tueleze mambo ya habari za afya zinazowekwa katika kompyuta na katika simu. Tulipokaa kuandika tuliona kwamba mama mmoja alikwisha kuyasema yote kwa maneno machache, katika mkutano wa mwezi wa tatu, pale nyuma karibu na mlango. Aliuliza: "Ile foto mulipiga ya fishi yangu ya hopitali, inaenda wapi?"

Siku ile tulimjibu haraka haraka. Tulisema inaenda biro, isaidie kulipa faktura. Hatukudanganya, lakini jibu lilikuwa nusu. Leo tunaleta nusu iliyobaki, na sehemu yake si ya kujisifu.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Wakati mfuko wa kusaidiana ulipoanza kulipia matibabu ya wanachama wasiojiweza, sisi njo tuliopewa kazi ya kutengeneza lisiti. Tuliandika jina, umri, avenyu, namba ya simu, ugonjwa au dawa, na pesa iliyolipwa. Watu 43. Hakuna aliyetuuliza kama vyote hivyo vinatakiwa kukaa pamoja kwenye karatasi moja, na sisi hatukujiuliza. Siku moja mwenzetu alitaka kuhakikisha namba mbili za simu. Akapiga foto ya kioo cha kompyuta, akaituma katika kundi la WhatsApp la wahamasishaji, akiuliza nani anawajua watu hawa wawili. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya 60. Baada ya dakika chache aliona alichokifanya akaifuta. Lakini nani asiyejua kwamba foto ikisha kushuka ndani ya simu ya mtu, kufuta kwako kunaweza kusiifikie?

Mbele ya jina la mama mmoja hapakuwa na jina la ugonjwa. Palikuwa na jina la dawa tu. Hapa kwetu hiyo inatosha, maana dawa ile kila mtu anajua inatibu nini. Mama yule anauza ndagala. Kabla ya juma kwisha, wateja wake wa kila siku walianza kupita mbali na meza yake, na mwenye nyumba akamwita "waongee". Kartiye yake hatutaitaja, wala hatutasema alirudi mwaka gani au ana watoto wangapi. Hilo pia tumejifunza: ukisha kusema mjane, muuza ndagala, aliyerudi toka Nyarugusu, ana watoto kadhaa, jina la nini tena? Watu wamekwisha kugeuza shingo wamtazame.

Alikuja biro. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: watu wangapi wamesoma? Hatukuwa na jibu, na hatunalo mpaka leo.

Sasa mtu anaweza kusema: basi tuache kompyuta, tuache simu, turudi kwenye kaye. Tungependa mambo yawe rahisi hivyo. Lakini sikilizeni habari ya pili.

Baba mmoja alirudi toka Tanzania kwa haraka, juu ya msiba. Hakungoja msafara. Alitoka kambini, akashuka Kigoma, akapanda boti na watu wake. Alikuwa katikati ya matibabu ya kifua kikuu. Wengi mnajua matibabu hayo ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za aina nne, kisha miezi 4 dawa za aina mbili. Alipofika hapa dawa zake zilikuwa zimekwisha. Muuguzi akamwuliza: uko mwezi wa ngapi? Ulipimwa makohozi lini, yalionyesha nini? Baba akajibu alivyojua: "Nilikuwa nakunywa vile vidonge vyekundu." Siku zikapita katika kupima upya na kupiga simu kwa watu wasiopatikana, naye akikohoa ndani ya chumba kimoja na wajukuu.

Dosiye yake ipo. Iko kule mkoa wa Kigoma, imeandikwa vizuri, tarehe kwa tarehe. Wengine wetu katika timu hii tulikulia kambi ileile, tunajua jinsi wauguzi wa kule wanavyoandika. Lakini kati ya dosiye na mgonjwa kulikuwa na ziwa na mpaka, na hakuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuivusha. Habari ya yule mama wa ndagala ilizunguka mji kwa dakika chache bila ruhusa ya mtu. Habari ya huyu baba, aliyeihitaji ili apone, haikuvuka kabisa. Shida hizo mbili ziko nasi wakati mmoja, na dawa ya moja isiwe sumu ya nyingine.

Turudi kwa swali la mama: inaenda wapi?

Ukifika kituo cha afya unaandikwa katika rejista. Jina lako liko pale, na lazima liwe pale, maana muuguzi anamtibu mtu, hatibu namba. Mwisho wa mwezi muuguzi mkuu anahesabu: malaria kwa watoto chini ya miaka 5 wangapi, waliozaa wangapi, kuhara wangapi. Hesabu hizo anazipeleka biro ya zoni ya afya. Pale zinaingizwa katika programu inayoitwa DHIS2, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na ambayo Wizara ya Afya inatumia kwa habari za zoni zote 519 za nchi. Ripoti ile ya kila mwezi ni hesabu tu. Kwa hiyo, mama, kwa njia ile Kinshasa wanajua kwamba Uvira kuna wanawake waliojifungua, hawajui kwamba wewe ni mmoja wao.

Iko njia nyingine, ya magonjwa ya mlipuko. Hiyo inataka lisiti ambayo kila mgonjwa ana mstari wake: jina, umri, avenyu, siku aliyoanza kuumwa. Tena iko njia ya tatu, nayo ni yetu sisi mashirika. Kila mradi unakuja na fomu yake, ndani ya simu au tabileti, na kila fomu inauliza jina, kana kwamba bila jina mvua haitanyesha. Ukihesabu miradi iliyopita Uvira na Fizi tangu watu walipoanza kurudi kwa meli toka Kigoma mwaka 2005, utaona majina yetu yako katika kompyuta nyingi ambazo wenyewe wamekwisha kuondoka. Mradi unafungwa, gari linarudi Bukavu, kompyuta inauzwa au inapewa mtoto wa shule. Majina hayafungwi na mradi.

Je, jina linahitajika kweli? Mfano mzuri kuliko yote tunao hapa hapa mjini, na tunasikitika kwamba wanachama wengi hawaujui.

Mnakumbuka sote jinsi mabomba ya REGIDESO yanavyokauka, na jinsi watu wanavyoshuka ziwani na mito na madumu. Tulikuwa tunasema siku zote kwamba maji yakikatika kolera inapanda. Lakini kusema si kuonyesha. Watafiti, wakiwemo wa shule ya afya ya umma ya London inayoitwa London School of Hygiene and Tropical Medicine, walichukua rejista za kituo cha kutibu kolera cha Uvira za tangu 2009 hadi 2014. Wakaweka kando yake hesabu za maji ambayo REGIDESO ilitoa siku kwa siku. Mwaka 2015 walitangaza walichokiona katika jarida la PLoS Medicine: baada ya siku isiyo na maji ya bomba, katika siku 12 zinazofuata, wagonjwa wanaoingia kituoni wanazidi mara mbili ya wale wanaofuata siku ambayo maji yametoka vizuri.

Tazameni kilichotumika: siku, na idadi ya waliolazwa siku ile, na maji. Hesabu ile haikuhitaji kujua kama aliyelazwa ni mama Fulani wa Kalundu au mtoto wa nani wa Mulongwe. Na bado ni ushahidi mkubwa kuliko barua zote tulizowahi kuandika juu ya maji ya mji huu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kulinda majina ni kuzuia sayansi, au kwamba tunaficha. Rejista zile zingekuwa zimechomwa au zimeliwa na mchwa, tungebaki na maneno matupu. Zingekuwa zimebandikwa ukutani na majina yake, nani angekubali kulazwa tena?

Wenzetu wa Kenya walifika mahakamani juu ya jambo hilihili. Mwezi wa pili mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo zikusanywe habari za watoto wa shule wenye virusi vya sida, pamoja na walezi wao, na za mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia ilisemwa kuwa njema: wapatiwe dawa na msaada. Shirika la KELIN na wenzake wakapinga. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema agizo lile linavunja katiba. Ikaamuru, ndani ya siku 45, majina yageuzwe kuwa alama za siri na yahifadhiwe kwa namna ambayo jina haliunganishwi na hali ya mtu katika karatasi ya wazi. Mahakama haikusema watoto wasitibiwe. Ilitenga jina na ugonjwa, basi.

Tusiwe watu wa upande mmoja lakini. Kuna siku jina lazima lisafiri, tena upesi. Ebola ilipofika Mwenga, jimboni mwetu, mwezi wa nane 2019, huwezi kumpa chanjo mtu aliyemgusa mgonjwa kama humjui jina na mlango wake. Mpox vilevile, ile ya Kamituga iliyoonekana 2023 na kutufikia Uvira, kisha ikavuka mpaka kwenda Burundi 2024. Wahamasishaji wetu walizunguka kutafuta waliokaribiana na wagonjwa, na walihitaji majina. Hapo hatubishi. Tunachouliza ni haya: lisiti ile inashikwa na nani, inafungwa lini, na juu ya nini iko katika simu ya mtu asiyehusika? Lisiti ya mlipuko iliyokwisha haina kazi tena katika mfuko wa suruali ya mtu.

Sheria tunazo. Kanuni ya makosa ya jinai, kifungu cha 73, inamwadhibu anayetoa siri aliyopewa kwa sababu ya kazi yake. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wenye virusi vya sida. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Kanuni ya Dijitali, inayogusa habari za watu binafsi katika mashini. Ng'ambo, Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hatutakaa sana hapa. Mama wa ndagala hakuuliza kifungu, na kumwambia aende mahakamani akiwa na meza ya samaki ya kutunza ni kumchezea.

Kuna mzee atasema karatasi ni salama kuliko mashini. Mzee, usiku wa Mulongwe April 2020 ulikuwa wapi? Mto ulibeba nyumba, na ndani ya nyumba fishi za kliniki, karatasi za chanjo za watoto, dosiye za kurudi. Kuna mama hapa ambao watoto wao waliandikwa upya kama hawajawahi kuchanjwa. Karatasi inaloa, inaungua, inafungia maandazi. Na kuna kijana atasema mashini ni salama. Kijana, mwezi wa kwanza 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao waliingia katika kompyuta zinazotunza habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na ndugu zao juu ya vita. Kompyuta zile zilikuwa Uswisi, kwa kampuni ya kazi hiyo. Hapa ukumbini mko wengi mliotafuta watu wenu kwa njia ya Msalaba Mwekundu, na si kwa ubaya tunawakumbusha. Kama Uswisi wanaingiliwa, kompyuta yetu, yenye neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini yake, tuiseme nini? (Ile karatasi tumeibandua. Msicheke.)

Basi tumebadili nini. Tangu mwezi wa tano, mwanachama anayelipiwa matibabu anapewa namba. Namba na jina vinakutana mahali pamoja tu, katika kaye moja inayofungiwa sandukuni, na ufunguo uko kwa mama mweka hazina. Katika kompyuta kuna namba, mwezi, na pesa iliyolipwa. Ugonjwa hatuuandiki tena, maana mfuko haulipi ugonjwa, unalipa faktura. Foto za fishi tumeacha. Faktura inaletwa, inaonwa na watu wawili, inapigwa muhuri, inarudi kwa mwenyewe. Kazi imeongezeka, hatutawaficha. Mara mbili tumekosea namba na kumlipia mtu pesa ya mwenzake, tukarekebisha.

Na kwa wanaovuka: kabla hujaondoka kambini au Burundi, au hapa kwenda kule, ingia kwa muuguzi uombe karatasi ya uhamisho. Usione haya, usiseme utarudi. Karatasi hiyo iseme dawa gani, ulianza tarehe gani, kipimo cha mwisho kilionyesha nini. Iweke ndani ya plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi. Ukitaka kupiga foto yake, piga kwa simu yako mwenyewe, iwe yako. Siyo sisi tuipige. Ambaye hajui kusoma asomewe na mtu anayemwamini, ajue amebeba nini. Baba yule wa vidonge vyekundu, kama angekuwa na karatasi ile ndogo, angeanza dawa siku ileile.

Tunafika kwenye jambo gumu, na tunawaomba wafadhili watuvumilie.

Mfadhili mmoja, hatumtaji, ametuandikia kwamba kabla ya kutuma sehemu ya pili ya msaada anataka lisiti ya waliotibiwa, na majina, namba za simu na magonjwa, ili ahakikishe pesa haikuliwa. Hatuwezi kumlaumu. Pesa za watu waliorudi zimeliwa mara ngapi kando ya ziwa hili? Kuna wagonjwa hewa waliotibiwa kwenye karatasi mpaka wakapona kwenye karatasi. Ana haki ya kuuliza. Tumemjibu kwamba lisiti hiyo hatutaituma. Aje mwenyewe au amtume mkaguzi, akae biro na mama mweka hazina, achague namba 10 kwa kura, na wale 10 wakikubali, akutane nao ana kwa ana na faktura zao. Hajajibu bado.

Wakati huo watu 11 wanasubiri. Mmoja ni wa upasuaji. Katika kamati wenzetu wengine wamesema wazi kwamba sisi timu tunacheza na maisha: toeni majina, mtu kwanza apone, aibu itakuja baadaye. Hatuwadharau. Usiku tunapolala maneno yao yanarudi. Tumewaendea wale 11 mmoja mmoja, tukawaeleza lisiti inatakiwa na nani na ya nini. Wanne wamesema andikeni. Mmoja alicheka: "Mguu wangu kila mtu anauona, munaficha nini?" Majina ya hao wanne yatakwenda, kwa ruhusa yao, kwa huyo mfadhili tu, na ugonjwa wameutaja wao wenyewe kwa jinsi walivyotaka. Watano wamekataa. Wawili wameomba wafikiri. Jibu la watano hao kwetu limekwisha, hatutawarudia kuwabembeleza, juu mtu anayebembelezwa na anayeshika pesa ya dawa yake hakubali, anashindwa.

Kwa hiyo mkutano huu unaombwa kuamua jambo moja: kama mfuko wetu wenyewe, wa michango ya kila mwezi, unaweza kuwabeba hao saba huku jibu likingojewa. Mweka hazina atasoma hesabu sasa hivi. Mtaona ni kidogo. Nyoosheni mikono mkisha kuzisikia, si kabla.

Na jambo la mwisho, si la kura. Ile foto ya mwaka jana iko bado katika simu za baadhi yenu mlio hapa. Tunajua, maana mwezi uliopita mtu alituonyesha. Hatutauliza nani. Meza iko pale pembeni, dada wawili wa timu wamekaa, wanajua mahali WhatsApp inapoficha picha ndani ya simu hata ukidhani umefuta. Piteni pale kabla ya chakula. Mama mwenyewe ameturuhusu tuwaombe hivyo kwa ajili yake.